Vidole Viwili Chini ya Futi

Naandika hii kwa mama yeyote ambaye mtoto wake ni mkimbiaji na amepasuliwa goti. Kama wa kwako hakimbii, soma tu, utamwambia jirani. Shule niliishia ya msingi, lakini kusoma najua, kuandika najua, na hasira niliyonayo inatosha kujaza karatasi hizi bila kusaidiwa na mtu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nina binti mmoja tu. Mtaani wanamwita Kijiti kwa sababu ya miguu yake, na nimeshazoea hivyo, maana ukimwita kwa jina la kwenye cheti hageuki. Kijiti anakimbia mbio ndefu, kilomita kumi, kilomita ishirini na moja. Tangu ana miaka kumi na mbili hajapenda kitu kingine. Nikimkalisha anisaidie kutia vifungo, anatia amesimama, huku ananyanyua visigino.

Mwaka jana goti lake la kushoto lilikatika kwa ndani. Alikanyaga shimo uwanjani, akiwa mazoezini. Hospitalini nilimuuliza kocha wake, "Hilo shimo lilikuwa halionekani?"

"Linaonekana, mama," Kocha akasema. "Mimi nalijua siku nyingi. Nilidhani na wao wanalijua."

Ndivyo alivyo huyo mtu. Sauti ya upole, filimbi shingoni hata akiwa wodini, na kila kitu anadhani. Nilitakiwa nimjue siku ile ile.

Daktari alimpasua. Alichukua kano nyuma ya paja lake mwenyewe akaipandikiza ndani ya goti, mahali pa ile iliyokatika. Baada ya hapo tukakabidhiwa kwa dada wa mazoezi, yule anayefundisha wagonjwa kutembea upya. Msichana mdogo tu, pengine anamzidi Kijiti miaka mitano, lakini maneno yake yalikuwa yamenyooka.

"Watu wanahesabu miezi," alituambia. "Wanasikia tisa, wanazungushia kalenda, basi. Miezi peke yake haitoshi. Angalieni hapa."

Akapima mapaja ya Kijiti kwa futi, kiganja kimoja juu ya goti. La kulia inchi kumi na nane na nusu. La kushoto kumi na sita na nusu.

"Mguu ukipasuliwa, paja linasinyaa, na paja ndilo linalolibeba goti. Siku tofauti isipozidi nusu inchi, na akiweza kuruka kwa mguu huu mmoja mara kumi bila kuyumba, ndipo aanze kukimbia taratibu. Kabla ya hapo, hata kukimbia mvua asikimbie."

Kwa kuwa hospitali ni mbali na sisi, alitupa daftari. Upande mmoja wa paja, niwe napima mimi kila Jumapili. Upande wa pili wa kuruka, awe anajaza Kocha uwanjani. "Bahati nzuri mama ni fundi," akasema. "Kwa futi sina wasiwasi."

Nilivimba kichwa. Nasema ukweli. Nilitoka pale kama mtu aliyepewa cheo.

Jumapili ya kwanza nyumbani Kijiti aliweka mguu juu ya stuli yangu ya kushonea. Kovu lilikuwa bado jekundu, ngozi inang'aa. Nikapima wa kulia, kumi na nane na nusu, sawasawa na hospitali. Nikapima wa kushoto. Kumi na saba na nusu.

"Mama, rudia."

Nikarudia. Kumi na saba na nusu. Inchi nzima kwa wiki mbili. Tulishikana mikono pale barazani tukacheka kama wehu. Nikampigia simu dada wa mazoezi nimpe habari.

"Haraka hivyo?" akasema. "Mama, futi unaivuta vizuri? Inatakiwa ilale kwenye ngozi."

"Mwanangu," nikamjibu, "mimi nimeanza kupima watu wewe bado unabebwa mgongoni."

Akacheka kwa adabu, akaaga. Mama unayesoma, simama hapo kidogo. Mtoto wa watu aliuliza swali la maana, na mimi nikamfunga mdomo kwa umri wangu. Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji daftari likasema kumi na nane na robo. Tofauti robo inchi. Upande wa Kocha nao ukajaa. Aliujaza siku moja, kasimama mlangoni kwangu, daftari kaliegemeza kwenye paja, anapiga alama za vema moja baada ya nyingine.

"Karuka lini mara zote hizo?" nikauliza.

"Mama, mimi mkimbiaji namjua kwa kumwangalia anavyotembea."

Niliona. Nilikuwepo. Alama kumi, wino mmoja, mkono mmoja, zote zimelala upande mmoja. Sikusema kitu, kwa sababu binti yangu alikuwa nyuma yake anavaa viatu vya mbio kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, na uso wake sikuwa nimeuona hivyo miezi mingi.

Dada wa mazoezi alisomewa daftari kwenye simu. Akasema kama ni hivyo basi aanze dakika tano tano, na mazoezi ya paja asiache hata siku moja. Wiki ya tatu Kijiti aliyaacha. Kusimama na kukaa kwenye kiti kwa mguu mmoja, kuvuta ule mpira mrefu aliopewa hospitali, yanachosha, na mtu aliyekwisha kuanza kukimbia atafanya kwa nini? Mpira wa mazoezi nikaja kuukuta unafungia kikapu cha mkaa.

Dakika tano zikawa ishirini, ishirini zikawa saa. Mwezi wa nane akaanza kurudi mazoezini na suruali ndefu, jua linawaka. Akawa ananunua barafu dukani.

"Ya nini?"

"Joto tu, mama."

"Mbona maji huyanywi, unaingia nayo chumbani?"

"Mama, na wewe. Unashona au unapeleleza?"

Nikarudi kwenye cherehani. Daftari lilisema robo inchi. Nililiamini daftari kuliko barafu.

Miezi tisa ilipotimia Kocha alikuja na kitambaa cha bluu kwenye mfuko, nimshonee jezi nne. Kulikuwa na mashindano Jumamosi ya wiki inayofuata, kilomita ishirini na moja kwa timu. Timu ni watu wanne, wote wamalize, wote wawe na jezi ya aina moja, la sivyo timu haihesabiwi. Alikuwa na wasichana watatu. Wa nne alikuwa Kijiti.

"Si mapema?" nikauliza, kwa kuuliza tu.

"Miezi tisa, mama. Hata mtoto angekuwa ameshazaliwa analia."

Tukacheka, mimi, yeye na Kijiti. Nikachukua kitambaa.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumatatu ya wiki ya mashindano. Alikuja mwalimu mmoja, mteja wangu, amekunja uso na amekunja sketi. Nilimshonea mwezi mmoja kabla, wiki chache baada ya kujifungua kwa operesheni. Akaivaa mbele yangu, akaiachia. Ikateremka mpaka nyongani.

"Fundi, hii sketi ni yangu au ni ya mimi na mume wangu?"

"Umepungua, mwalimu."

"Sijapungua. Nipime."

Nikapitisha futi kiunoni. Nikaivuta. Akaniangalia mkono.

"Enhe, leo unavuta. Siku ile hukuvuta. Uliweka vidole viwili hapa, upande wa kidonda, nikadhani ndio ufundi wenyewe. Nilikuambia nimepasuliwa, sikukuambia nimefura."

Alisema kwa utani. Mimi nikakaa kwenye stuli.

Kwa sababu ni kweli. Fundi yeyote anajua, mtu mwenye kidonda humvutii futi. Unatanguliza kidole kimoja au viwili chini yake, nguo isije ikambana panapouma. Hufikirii. Mkono unafanya wenyewe, kama unavyolamba uzi kabla ya kuuingiza kwenye sindano. Na vidole viwili, kwenye mzunguko wa paja, ni kama inchi moja na zaidi.

Mguu mzima nilikuwa nauvuta. Mguu mgonjwa nilikuwa nauonea huruma. Miezi tisa, kila Jumapili, nikaandika huruma yangu kwenye daftari kwa tarakimu.

Kijiti aliporudi mazoezini nilikuwa nimesimama mlangoni na futi.

"Vua suruali."

"Leo si Jumapili."

"Vua."

Goti lilikuwa limevimba, kile kifuniko cha mbele hakionekani. Nikapima wa kulia, nikapima wa kushoto, futi imelala kwenye ngozi, vidole vyangu viko nje. Kumi na nane na nusu. Kumi na saba. Inchi moja na nusu. Kutoka alipopasuliwa mpaka siku ile, paja lilikuwa limeongezeka nusu inchi tu.

Nikamweleza yote. Vidole, sketi, mwalimu. Alisikiliza amekaa kitandani, mikono imefunika goti.

"Kwa hiyo umenipima vibaya," akasema.

"Ndiyo."

"Miezi yote."

"Ndiyo, mwanangu. Nisamehe. Na wewe umelificha hilo goti."

"Nilificha kwa sababu daftari lilisema nimepona. Nilidhani maumivu ni uoga wangu. Kila nikichechemea najisemea, Kijiti, acha uvivu, mama yako amepima." Akanyanyuka. "Sasa zimebaki siku tano ndiyo unaniambia. Nitakimbia."

"Hukimbii."

"Unamwambia nani? Mtu mzima mimi."

Nikampigia simu dada wa mazoezi, mbele yake, sauti nimeifungulia kwa nje. Dada wa watu hakunitukana, na angekuwa na haki. Alisema maneno machache: asikimbie hata hatua moja, kano inaweza kukatika tena, na ikikatika mara ya pili hakuna anayeweza kumwahidi mbio. Aletwe Jumatatu ijayo. Kijiti aliondoka chumbani kabla simu haijaisha.

Jumanne nilikwenda uwanjani na daftari. Na lile shimo nililiona. Limewekewa tairi juu, basi, ndio ukarabati. Kocha alinisikiliza mpaka mwisho, anazungusha filimbi kidoleni.

"Mama, futi ni ya nani?"

"Yangu."

"Mwandiko?"

"Wangu. Na hizi alama za kuruka ni za nani?"

Akacheka kidogo. "Sasa tusianze kutafutana. Ameshakimbia miezi minne hajaanguka. Jumamosi moja tu, mama. Akishamaliza, namwachia, apumzike hata mwaka."

"Na akianguka?"

"Sidhani."

Nilimwangalia. Sijawahi kutamani kumpiga mtu mzima kama siku ile, na nilikuwa na mkasi kwenye mkoba. "Wewe kudhani kwako," nilimwambia, "kumeshamvunja mwanangu mara moja. Umelijua shimo, ukadhani. Umeandika karuka, ukadhani. Leo usidhani. Mtoe."

"Mama Kijiti, uamuzi ni wa mkimbiaji. Muulize mwenyewe."

Alijua mkimbiaji atasema nini. Hiyo ndiyo hasira yangu kubwa kwake, zaidi ya shimo. Anajua mtoto mwenye miaka ishirini anayetaka kukimbia atasema nakimbia, halafu anajificha nyuma ya hilo jibu, anauita uamuzi. Na baba yake Kijiti, dereva wa lori, yuko safari wakati wote, nilipompigia aliniambia, "Mwache ajaribu, akichoka atasimama." Kano haichoki, mume wangu. Inakatika.

Jezi nne nilikuwa nimezimaliza. Zilikuwa zimekunjwa kwenye kiti, jina la timu mgongoni, nimelidarizi kwa mkono. Ijumaa mchana, Kijiti yuko kwa wenzake, nilichukua ya kwake, ile yenye kiuno chembamba kuliko zote, nikaanza kuifumua. Mabega, ubavu, kwapa, pindo. Sikukata kwa mkasi, nilifumua uzi mmoja mmoja, kwa sababu sikutaka aje kusema mama alifanya kwa wazimu. Kisha vile vipande nikavikata vidogo vidogo, nikashona mishikio ya sufuria. Kitambaa kingine cha bluu hakikuwepo. Nilikikata mwenyewe, najua.

Jumamosi asubuhi, wakimbiaji wanapasha viungo moto, nikamkabidhi Kocha mfuko. Akatoa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akatia mkono ndani akatoa mishikio minne ya sufuria.

"Hii nini?"

"Ya Kijiti."

Ilichukua muda kumwingia. Halafu ile sauti ya upole ikaisha. Aliniita mchawi wa mwanangu mwenyewe, akasema nimeua timu nzima, akasema wanawake wasiosoma ndio wanaorudisha michezo nyuma. Wale wasichana watatu walisimama na jezi zao mikononi, mmoja analia, na kwao nilikuwa na kosa, nakiri. Walifanya mazoezi yao na hawakumdanganya mtu. Mwaka huu nitawashonea bure, wakitaka, ingawa hawanisalimii.

Kijiti hakulia. Alinijia mpaka karibu.

"Ulinipima vibaya ukaniambia nimepona," akasema polepole. "Leo umenipima sawa, umenivua nguo mbele za watu. Mama, ni siku gani utaniuliza?"

Akaenda zake nyumbani kwa miguu. Alikuwa anachechemea, na hakujaribu kuficha.

Jumatatu tulikwenda hospitali, tumekaa viti viwili tofauti kwenye basi. Walimpiga picha ile ya mashine kubwa ya kuonyesha ndani. Kano ilikuwa imeanza kuchanika, robo yake. Haijakatika. Daktari alisema maneno ambayo sikuyaelewa yote, na dada wa mazoezi akanieleza kwa kifupi: kilomita ishirini na moja isingezimaliza.

Ungedhani Kijiti angenigeukia pale akanishukuru. Hakunigeukia. Alichukua futi yangu kwenye mkoba, akaitia mfukoni mwake, akasema atajipima mwenyewe.

Wiki kumi na moja alijipima chumbani, mlango umefungwa. Alikuwa anasoma namba kwa sauti, mimi niko nje naandika. Tulizungumza kwa namba tu. Kumi na saba. Kumi na saba. Kumi na saba na robo. Nilikuwa nausikia ule mpira wa mazoezi ukigonga mguu wa kitanda, asubuhi na jioni. Kikapu cha mkaa nimekifunga kwa kamba. Kocha alituma mtu aulize mguu unaendeleaje. Nikamwambia huyo mtu akamjibu kwamba aje alifukie shimo kwanza, ndipo nimjibu.

Mama, kama umepewa futi, ivute. Ngozi itabaki na alama, iache ibaki. Ukiambiwa rudia na mtoto anayeweza kuwa binti yako, rudia. Ukiona alama kumi za wino mmoja, uliza, hata kama mwanao nyuma anavaa viatu huku anacheka. Na usimpe mkimbiaji uamuzi wa kukimbia siku chache kabla ya mbio, halafu ukasema ni mtu mzima. Mpe mapema, na namba za kweli. Hilo la mwisho amenifundisha mwenyewe, na bado linaniuma.

Jumapili iliyopita alitoka chumbani. Akaja barazani, akaweka mguu wa kushoto juu ya stuli, kama zamani, akanirushia futi.

"Pima. Mimi nikijipima nainama, paja linajikaza. Na vidole vyako nivione."

Nikapitisha futi. Nikaivuta, akang'ata midomo, nikaivuta tena. Kumi na saba na robo tatu.

"Imefika ngapi?" akauliza. Alikuwa ameshaona, anataka tu kunisikia nikisema.

Nilitamani iwe kumi na nane. Mkono wenyewe ulitaka kulegea.

"Bado robo tatu," nikasema. "Hukimbii."

"Andika hivyo hivyo," akasema, akashusha mguu, akaenda kuvuta kiti cha mazoezi yake.